Mkulima ana jibu la simu kabla sijashuka kwenye pikipiki, maafisa ugani wenzangu mnafanyaje?

BibiShamba_Umalila:
Wakuu habari za kazi. Mi ni afisa ugani huku Umalila, Mbeya, na huku viazi ndo ada ya watoto ndo bati ndo kila kitu. Siku hizi nikifika shambani naambiwa "bibi shamba, simu imeshasema ni ukungu, we tutajie dawa tu". Kapiga picha jani moja, programu ikajibu hapo hapo. Mara nyingi inapatia, sikatai, ila juzi kuna mzee kapiga mankozebu, dawa ya ukungu, mara mbili viazi vinazidi kulala, kung'oa shina kumbe mnyauko bakteria, hela yote ya dawa imeliwa bure na inaniuma sana. Sasa kazi yetu inabaki ipi? Na namwambiaje mtu asione namwonea wivu simu yake?

Mkulima_Isyonje:
Pole dada ila mi naitetea simu. Bwana shamba wetu ukimpigia Jumatatu anafika Alhamisi, vijiji ni vingi sio kosa lake, lakini ukungu kwenye mvua za Machi hausubiri Alhamisi, utakuta shamba jeusi. Ile programu ya simu ya Nuru inaongea kiswahili na inafanya kazi bila bando, kwenye mahindi imenionyesha viwavijeshi vamizi mapema kabisa. Msituambie tuache simu, tuambieni wapi tusiiamini.

Mstaafu_Njombe:
Kamwene. Picha inaona jani, mnyauko uko ndani ya shina. Kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi usiitikise, baada ya dakika chache kama ni bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka. Ukungu hauna hiyo, wenyewe geuza jani asubuhi umande haujakauka utaona unga mweupe pembeni ya doa. Mnyauko hauna dawa ya kupiga, ng'oa na udongo wake, hapo usirudishe viazi wala nyanya, weka mahindi au ngano. Na kuna swali ambalo picha haiwezi kulijibu, MBEGU imetoka wapi? Huku juu baridi inauficha ugonjwa, kiazi kinaonekana kizima, ukikishusha kwenye joto ndo kinanyauka. Kuuliza hivyo ndo kazi yako mwanangu, na hiyo haijaisha.

Pembejeo_Mbalizi:
Dukani wananionyesha skrinishoti, nikiuliza shina umekata wanahisi nawanyima dawa. Hiyo ya glasi irekodini video mtupie kwenye magrupu ya wasap, mtu akimwona jirani yake anafanya ataamini.

BibiShamba_Umalila:
Shikamoo baba, asante sana. Wiki ijayo nina kikundi Ilembo, naenda na kisu na glasi, wapige picha kwanza simu iseme yake halafu tukate shina wote tunaona. Shina lililokauka kabisa linafaa?

Mstaafu_Njombe:
Marahaba. Hapana, chukua linaloanza kulegea, bado bichi.