Ndeke gani ya kupakiza mamu mwenye asima: ya kupanda juu ao ya chini?

Mtoto_wa_Katuba: Jambo yenu bote. Mamu iko na asima ya kitambo, anataka kutoka hapa L'shi (Lubumbashi) kwenda Kalemie ku ndoa ya mujukuu wake na barabara hapana, vumbi itamumaliza. Tuko na kandeke kadogo ka moteri moja, Caravan, ao tungojee nafasi mu jeti kubwa, bei iko juu. Shemeki anasema tukamate kadogo ju kanarukaka chini, kule chini hewa iko mingi, ile kubwa inaendaka mpaka metre 11,000. Munasema nini?

Fundi_wa_Luano: Shemeki anageuza mambo. Usiangalie ndeke inafika wapi, angalia ndani munapumua hewa gani. Airbus A320 ao Boeing 737 zinatembeaka metre 10,000 mpaka 12,000 kweli, lakini kabine imefungwa, hewa inatoka ku moteri inasukumwa ndani kama mupira wa baisikeli, basi mwenye kukaa pale anasikia sawa iko ku mulima wa metre 2,400, mara mingi hata chini ya ile. Caravan haina ile presio! Ikipanda 3,000 ju ya milima, mamu naye iko 3,000 na mapafu yake ile ile. L'shi tuko 1,200 na kitu, ataisikia tofauti.

Yaya_Ruashi: mi naogopaka mvua tu. si jeti inapita juu ya mawingu yote?

Fundi_wa_Luano: Yaya, mawingu ya radi ya huku kwetu Kongo inapandaka kupita metre 15,000, piloti anaizunguka, hapana kuiruka. Concorde, jeti ya abiria ya mbio sana, ilikuwa inaenda metre 18,000 na ilisimama 2003, U-2, ndeke ya kupeleleza ya Wamarekani, inapita 21,000 lakini mule piloti anavaa nguo kama ya kwenda ku mwezi, hawatakuuzia tiketi 😂

Kinga_Moto: Na elikopta? Banasema haipandake.

Fundi_wa_Luano: Inapandaka. Jean Boulet, Mufaransa, 1972 alifika metre 12,442 mu elikopta yenye kuitwa Lama, moteri ikazimika kule juu, akashuka na mapanga inazunguka na upepo tu mpaka chini, muzima. Na 2005 Mufaransa mwingine alitua ju ya Everest. Ile ya kila siku inabakia chini sana.

Mama_Infirmière: Muache rekodi, tuongee mugonjwa. Mbele ya kulipa, munganga amupime na aseme kama anaweza kuruka. Pompi ya asima ikae mu sakoshi ya mukono, hapana mu valizi yenye kwenda mu sute, kule chini banaweka mizigo. Kama anahitaji oksijeni, mwambie kompani mapema, usingojee siku ya safari.

Mtoto_wa_Katuba: Asanti sana. Nimeita kule banauzisha tiketi ya kadogo, nauliza presio, msichana ananijibu "papa, ndeke yetu inapandaka muzuri". Basi, kesho tuko kwa munganga, akikubali nakata ya jeti, na shemeki njo ataongeza ile tofauti ya bei.