Migahawa ya kishua isiyopika nyama: nani alitoka ameshiba? Tupeane uzoefu

Bwana Kinyerezi
Wakuu salaam. Jana nimeona status ya jamaa yangu mmoja, kapiga picha na sahani nyeupe kubwa kama ungo, katikati kuna kitu cha kijani saizi ya kifuniko cha soda. Nikakumbuka yangu, roho ikaniuma upya.

Mama watoto alikuwa anatimiza miaka 35. Akasema mwaka huu hataki kuku wala mishkaki, anataka ile sehemu kule Masaki ambako hawapiki nyama, samaki, yai wala maziwa. Nikasema siku ni yake. Niliagiza "koliflawa ya kuchoma", 38,000. Ikaja robo ya koliflawa, upande mmoja imeungua, ndani mbichi unasikia *kra kra*, imesimamishwa kwenye uji mweupe. Yeye akaletewa vipande vitatu vya biturutu, nimevihesabu, na jani moja juu. Mhudumu alisimama kutueleza historia ya kila kipande mpaka kilichokuwa cha moto kikapoa. Bili 164,000 na juisi mbili za tangawizi ndani yake. Nilisongesha, yaani nikakopa kwenye simu.

Saa nne usiku tulikuwa Namanga ya hapahapa Dar kwa muuza chipsi, tunakula chipsi mayai juu ya boneti, yeye na gauni lake la dhahabu.

Msije mkaniambia sijazoea mboga. Mama yangu Mpare, nimekua kwa kande na kisamvu. Haya, na nyinyi mwage yenu.

Jino la Pembe
Saizi ya kifuniko cha soda! Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Shemeji wa Wote
Mkuu ulipigwa. Pole ya gauni.

Binti Ngamiani
Mimi yangu inahusu mbaazi na sijasamehe.

Kwetu Tanga mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi, unanunua kwa jirani na mahamri, unakula umechuchumaa barazani. Nikaziona kwenye menyu Dar, 29,000. Nikajiambia labda wana namna yao, ngoja nione. Zikaja kwenye glasi ya mvinyo. BARIDI. Zimesagwa zikapigwa zikawa povu, juu wamechomeka kipande cha mkate mkavu kama bendera. Nikaonja: tui la kopo, lina harufu ya bati kabisa.

Jamani, mbaazi hazihitaji ufundi wa ajabu. Unalowesha usiku, unachemsha ziive, unatia tui jepesi zinywe, tui zito linaingia mwisho na moto mdogo, unakoroga taratibu lisikatike. Kwisha. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo huku anagombana na watu watatu.

Nikamwita kijana nikamuuliza mpishi ametokea wapi. Akasema "chef ameitafsiri upya mbaazi". Nikamwambia kamwambie haikuwa kwenye lugha ya kigeni.

Jino la Pembe
Haikuwa kwenye lugha ya kigeni! Dada umeua.

Wa Ngara
Niko Nairobi, wacha niongeze. Westlands, boma limejaa mimea hadi huoni mtu wa meza ya pili. Nikaagiza kitu chenye jina refu sana, kumbe ni githeri. Ndiyo, githeri! Shilingi 1,400 za Kenya, ndani ya kibakuli cha udongo. Mahindi nane, maharagwe labda kumi na mawili, na kitu cha kijani wakasema ni povu la dania. Mimi nimekula githeri miaka minne shule ya bweni, ikiwa na wadudu ndani na hakuna aliyewatoza. Kuja mjini nilipie pesa hiyo nirudi bweni?

Mpare Halisi
Hiyo ni kande mkuu. Githeri ni kande iliyonyimwa nazi.

Wa Ngara
Kande ni githeri iliyoenda likizo pwani ikarudi na maringo.

Mpare Halisi
Nyie hata sukuma wiki mnaikaanga kama mnaikomoa.

Wa Ngara
Na nyinyi mnachemsha chai mpaka inaomba msamaha. Tuachane.

Shemeji wa Wote
Mnaharibu uzi. Nendeni uwanjani.

Sabato Njema
Mimi Msabato, sijatia nyama mdomoni tangu 2009. Nimesoma hapa naona wengi mnalalamika hapakuwa na nyama. Mimi nilikwenda sehemu kama hiyo kwa furaha, nikijua kwa mara ya kwanza sitauliza "hii mboga haijapikwa na mchuzi wa ng'ombe?" Nikatoka na njaa vilevile. Wenzangu mlikosa nyama, mimi nilikosa chakula.

Dume la Mbegu
Na hizo soya wanazowajazia zinamaliza nguvu za kiume. Shauri yenu.

Sabato Njema
Nina watoto watano mkuu. Nikuonyeshe vyeti vya kuzaliwa?

Dume la Mbegu
Vyeti si DNA.

Binti Ngamiani
Wachina wanakula tofu, hiyo soya yenyewe, tangu enzi na enzi, nenda ukawahesabu kisha urudi.

Fundi Friji
Naomba niweke yangu, ndefu kidogo. Sijawahi kuisema popote.

Mwaka juzi nilikuwa naoa. Baba wa mchumba wangu ana bucha Vingunguti, jirani na machinjio, maisha yake yote anakata nyama. Ilikuwa wazee wa pande mbili wakutane wamalizie mambo ya mahari. Mchumba akasema tutafute sehemu tulivu, isiwe baa. Kazini kwao walishafanya sherehe mahali fulani akapapenda: maua, maji yanateremka ukutani, muziki wa chini. Hakuniambia hawapiki nyama. Mpaka leo anaapa alidhani nimeona kwenye bango.

Tuko saba mezani. Menyu inakuja, mzee anavaa miwani, anaisoma taratibu kama mkataba wa kiwanja. Anafika penye "mbavu za kuchoma kwa sosi ya ukwaju", anafunga. "Nileteeni hizi." Mimi nimeshagundua tulipo, jasho linanitoka, lakini unamwambiaje baba mkwe achague tena?

Zikaja mbavu nne. Mfupa wake ni kijiti cha muwa. Nyama yenyewe ya nyuzinyuzi, imepakwa sosi nyeusi inang'aa. Mzee hakula. Alishika uma akachambua ule unyuzi kidogo kidogo, akanusa, akageuza ule "mfupa" akautazama kwenye mwanga. Kisha akamuuliza mhudumu kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu ni mnyama gani?"

Yule binti kafunzwa, akatabasamu: "Ni fenesi, mzee."

Mzee akageuka akanitazama. Hakumtazama binti yake wala mhudumu. Mimi.

Narudi, nimeitwa Mbezi kuna friji ya duka imezima na ina samaki ndani.

Jino la Pembe
WEWE! Rudi hapa!

Shemeji wa Wote
Samaki waoze tu, tumalizie.

Mama Junior wa Bronx
Nikiwa nasubiri. Nyie mnaona ajabu, huku New York kuna mgahawa mkubwa, Eleven Madison Park, wenye nyota tatu za Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa. 2021 wakaacha nyama, mlo ukawa dola 335 kwa mtu, kinywaji mbali. 2025 wakatangaza wanarudisha nyama. Sijawahi kukanyaga, kazi yangu ya kulea wazee hainifikishi huko. Ila siku wametangaza, mzee ninayemlea alicheka mpaka nikamshika asianguke kitini.

Mpare Halisi
Kwa hiyo hata wenyewe walishindwa.

Sabato Njema
Hawakushindwa. Walisema mboga zinabaki, nyama inaongezwa. Soma vizuri.

Mpare Halisi
Mkuu, Sabato jioni imeshaisha, punguza ukali.

Kibubu
Ushauri wangu: kula kwanza nyumbani. Ugali kabisa. Kule nenda kapige picha.

Mtu wa Upanga
Usifuate ushauri huo. Mimi nilikula kwanza, siku hiyo ndiyo wakaleta pilau ya uyoga sinia zima, inanukia iliki, nimeitazama kama picha ya marehemu.

Mkitaka kula bila nyama mshibe, nendeni kwa Wahindi Kisutu mkale thali. Sahani ya chuma na vibakuli vyake: dengu, viazi, mtindi, achari, chapati za moto. Mhudumu anapita na ndoo anaongeza mpaka ufunike sahani kwa mkono. Wengine hawatii hata kitunguu wala kitunguu saumu kwa ajili ya dini, na bado unalamba vidole. Msiotumia maziwa, mtindi muukatae mapema.

Kibubu
Ila pale Kisutu hakuna maji yanayoteremka ukutani.

Mtu wa Upanga
Yanateremka, mvua ikinyesha.

Fundi Friji
Nimerudi. Samaki wamepona.

Mzee akaniuliza: "Kwa hiyo siku ukikosa hela ya nyama, utamlisha mwanangu fenesi umwambie ni mbavu?" Meza nzima kimya. Mshenga wetu, mjomba wangu, akaanza kuomba radhi kwa methali. Mzee akamnyamazisha kwa mkono, akaomba bili. Ilikuwa 312,000. Akaikunja mara mbili, akasema kwa bei ya bucha lake hizo ni kilo ishirini na sita, tena steki.

Nikalipa. Akasimama, akasema twendeni. Magari mawili mpaka Vingunguti, saa tatu usiku. Akafungua kufuli la bucha mwenyewe, akavaa koti lake jeupe juu ya suti, akapasua mbavu kwenye gogo *pa pa pa*. Mchoma nyama wa jirani akaamshwa. Kikao cha mahari kilimalizikia pale, wazee wamekaa kwenye kreti za soda, mama yangu na kitenge chake kipya akiwafukuza paka.

Mahari ilikuwa imeshakubaliwa. Akaongeza mbuzi mmoja. Karatasi ninayo, imeandikwa kwa mkono wake: "Faini ya fenesi, mbuzi 1."

Jino la Pembe
Faini ya fenesi!! Uzi ufungwe.

Binti Ngamiani
Ulimtoa huyo mbuzi?

Fundi Friji
Nilimtoa. Akamkagua meno.

Shemeji wa Wote
Na mzee ana hoja. Kama ni fenesi iite fenesi, mbona lenyewe tamu tu?

Nyuma ya Jiko
Nimefanya kazi jikoni sehemu za namna hiyo mwaka na nusu, majina siyataji. Niwatetee kidogo na niwachongee kidogo.

Hiyo fenesi ni changa, bado haina utamu, ndiyo maana inashika viungo na kuchanika kama nyama. Yetu ilikuwa inakuja kwenye makopo kutoka Thailand, imelowekwa maji ya chumvi. Nyuma ya ukuta wa jirani kulikuwa na mfenesi unadondosha mpaka yanaoza. Kwa nini hatukuchuma? Utomvu. Kukata fenesi changa lazima upake mafuta mikono na kisu, na mpishi mkuu hakutaka kushinda siku nzima anasugua meza.

Ule uji mweupe wa mleta uzi ni korosho. Zinalowekwa usiku kucha zinasagwa. Jibini yao nayo ni korosho hizohizo, zinaachwa zichachuke siku mbili. Kazi ipo, msidhani hela yote ni ya koliflawa, na pango la mitaa ile si mchezo. Ila kipimo kilikuwa cha mizani. Kunde gramu 120, ukizidisha unaitwa pembeni.

Sisi wafanyakazi tulikula saa kumi jioni, nje karibu na mapipa. Ugali, mchicha wa karanga na dagaa. Mpishi mkuu, mzungu wa watu, alikuwa anatoka kimyakimya anamega, anarudi ndani anasukutua.

Mpare Halisi
Dagaa, na yeye vegani asiyekula cha mnyama?

Nyuma ya Jiko
Alikuwa anachambua vichwa.

Wa Ngara
Nipeeni namba ya huyo mpishi wa mapipa, yule wa ndani simtaki.

Kibubu
Narudia: kula nyumbani kwanza.

Bwana Kinyerezi
Wakuu nimewasoma wote. Mama watoto naye kausoma uzi, kanikuta nacheka peke yangu. Kaniambia niongeze kwamba biturutu ilikuwa vipande vinne, kimoja nilikila mimi, na kwamba zile chipsi za Namanga zilikuwa na chumvi nyingi.