MREJESHO: Nimeacha uhasibu, sasa ni fundi wa injini za boti

Wakuu habari za siku, mwaka jana niliuliza kama kwa miaka 39 naweza kuacha uhasibu nikajifunze ufundi wa injini za boti, mkanipa moyo, asanteni sana jamani.

Ushauri wa kukaa chini ya fundi kwanza ndo ulionisaidia, kila jumamosi nashinda Mwaloni Kirumba, Mwanza, nasafisha plagi na kabureta mpaka mikono inanukia petroli hata nikila sato. Ule wa kumwomba bosi nusu siku uligoma, ikabidi niache kabisa. Hela bado haijafikia mshahara, ada ya mtoto nalipa kwa awamu.

Ila juzi mvuvi kaleta injini inachemka inazima, nikafungua pampu ya maji nikakuta impela (kile kipande kinachozunguka kusukuma maji ya kupoza injini) imelika, nikabadilisha mwenyewe, ikapoa. Nilifurahi mpaka machozi.