Deli ya Kiyahudi New York imeniaibisha mbele ya mjomba. "Mtindo wa kosher" ndiyo nini?

Wakuu, salamu. Leo sina utani. Hasira hizi ninazo tangu Jumamosi, nimejaribu kuzilalia zimegoma, kwa hiyo naziweka hapa. Kwa wasiojua: deli ni mgahawa wa sandwichi za nyama, na kosher ni chakula kilichofuata sheria za dini ya Kiyahudi, kama halali kwetu.

Mjomba wangu yuko huku kwa wiki sita, kaja kumwona mwanawe Bronx. Mzee wa Tanga, kastaafu bandarini, swala tano hazimpiti, na nyama haipiti kooni mpaka ajue imechinjwaje. Tangu atue anakula mayai na samaki. Najua mtasema mikokoteni ya chakula halali imejaa kila kona ya Manhattan. Tulikwenda. Mzee akasema wali ule umepikwa na mtu mwenye hasira, hataki tena.

Sasa mimi nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kulea wazee wa Kiyahudi, upande wa New Jersey, mwaka wa tatu huu. Wale wazee kila siku hadithi ni moja: pastrami. Pastrami ya Lower East Side, mtaa wa zamani wa Wayahudi Manhattan, pastrami ya baba alipopokea mshahara, pastrami ya siku ya uchumba. Mpaka nikaota. Nikasema mjomba lazima nimpeleke.

Nikamwekea dua na hoja. Nikamwambia, mjomba, hawa ni watu wa Kitabu, na kwenye kuchinja hawana mchezo. Mchinjaji wao anaitwa shochet, kasomea, kisu anakipapasa kwa ukucha kuhakikisha hakina pengo hata la unywele, anakata mara moja, damu inatoka, kisha nyama inatiwa chumvi kuvuta damu iliyobaki. Mzee kaniangalia, kavuta ndevu, akasema aya ya chakula cha watu wa Kitabu anaijua, iko Al-Maida. Masheikh wana maneno yao hapo, tusifungue uzi ndani ya uzi. Yeye aliridhika, tukatoka.

Jina la sehemu sitaji. Siyo zile maarufu zenye foleni ya watalii. Ila ukifika huwezi kuwa na shaka: nyota ya Daudi kwenye kioo, herufi za Kiebrania, picha za zamani ukutani, salami zinaning'inia juu ya kaunta kama mikungu ya ndizi. Na bado nikauliza! Hili ndilo linaloniuma. Nilimuuliza yule jamaa wa mlangoni, kwa Kiingereza kilichonyooka: nyama yenu ni kosher? Akatabasamu akanijibu, "Kaka, sisi ni deli ya Kiyahudi tangu enzi za babu yangu."

Someni tena hilo jibu. Nimeuliza nyama, kajibu babu.

Tukakaa. Chakula, nisiwe mnafiki, kilikuwa kitamu. Walileta kwanza matango ya achari bila kuagiza, mengine mabichi-mabichi yenye chumvi tu, mengine yamechachuka mpaka sikio linavuta. Mjomba kayamaliza peke yake. Ikaja supu ya kuku yenye donge la unga wa matzo, ule mkate wao usio na chachu. Mzee kaligeuza kwa kijiko, akasema hiki ni kitumbua kimetumbukia mchuzini, kisha akala chote. Halafu pastrami: ng'ombe, nyama ya tumboni, imelala kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, ikapakwa pilipili manga na giligilani, ikafukizwa moshi, mwisho ikapikwa kwa mvuke mpaka inalegea. Wanaikata kwa kisu mbele yako, vipande vinene vyenye ukingo mweusi, rundo la kiganja kizima katikati ya mkate mweusi-mweusi wa nafaka ya rai (rye) wenye mbegu. Mzee alikuwa anatafuna kafumba macho. Nikajisemea moyoni, hapa nimepata radhi za ukoo mzima.

Akaomba chai. Ya maziwa, kama ya kwao.

Mhudumu akasema sawa, akaenda, akarudi na kikombe na kijagi cha maziwa. Akakiweka pale pale, ubavuni mwa pastrami.

Wakuu, mimi pale kazini visu vya nyama vina alama nyekundu, vya maziwa vina alama ya bluu. Sinki mbili. Sufuria mbili mbili. Mwaka wa kwanza nilichovya kijiko cha bluu kwenye mchuzi wa nyama, yule msimamizi wao wa kosher, mashgiach, alisimamisha jiko zima kama vile nimewasha moto. Imo kwenye Torati, Kutoka 23: usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Mgahawa wa nyama ulio kosher hauna maziwa kabisa, hata ya kutia kwenye kahawa. Kile kijagi kilinitazama nikakitazama.

Nikainua shingo. Meza ya jirani dada mmoja anakula ile sandwichi inayoitwa Reuben: nyama ya chumvi, kabichi iliyochachushwa, na juu yake jibini limeyeyuka linavutika kama gundi. Nikashika menyu ambayo sikuisoma kwa sababu nilishajua ninachotaka. Ukurasa wa nne, vyakula vya asubuhi: mayai na bekoni. Bekoni, jamani. Ya nguruwe. Na jiko bila shaka ni lile lile, na kile kisu sijui kimepita wapi kabla ya kufika kwetu.

Mjomba si mjinga. Aliniona uso. "Vipi?" Nikamwambia. Hakufoka, na bora angefoka. Aliweka mkate chini, akafuta mdomo, akakunja kile kitambaa cha karatasi mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama hirizi. Akasema, "Mpwa wangu, si ulisema umeuliza?"

Nikamwita meneja. Naye hana haraka. Akanifungulia ukurasa wa mwisho wa menyu, chini kabisa, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa: sisi ni deli ya mtindo wa kosher. "Tumeandika," akasema.

Mtindo! Yaani ladha ya kosher, picha za kosher, matango ya kosher, ila nyama ya kawaida ya machinjioni. Na mimi basi nifunge mtindo wa Ramadhani: mchana nakula, magharibi nafuturu vizuri. Wenye migahawa ya hivyo ni haki yao, wengi wako hivyo na wengine hawafichi. Hata Katz's, deli maarufu ya tangu 1888, si kosher, na watu wanakwenda kwa hiari yao. Shida yangu ni mtu kaulizwa swali la ndiyo au hapana akachagua kunizungusha kwa sababu ameona wateja wawili wenye njaa.

Nimeperuzi sheria nikaishia kuchoka. Zamani jimbo la New York lilikuwa na sheria inayosema kosher ni nini. Mahakama ya shirikisho ikaitupa mwaka 2000, kwamba serikali haina kazi ya kuamua mambo ya dini, na rufaa ikakubaliana nayo 2002. Mwaka 2004 wakatunga nyingine: anayeuza kitu kama kosher aseme nani kakithibitisha. Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni cheti chenye jina la msimamizi. Salami zinazoning'inia si cheti. Nilijifunza hili nikiwa nimeshalipa.

Na kulipa kwenyewe! Sandwichi moja dola 29. Kwa kuwa tuligawana, dola 5 za kugawana, yaani sahani tupu ya pili ina bei. Supu 13, soda na chai 10. Jumla 57, kodi ya jiji na jimbo asilimia 8.875, ikawa 62.06. Halafu kimashine kinaletwa usoni: bakshishi asilimia 20, 22 au 25? Na kimepiga juu ya kodi. Nikabonyeza 20 kwa sababu mhudumu hana kosa, nikatoka na 74.47. Kwa shilingi zetu inakaribia laki mbili, ya kumlisha mzee shaka.

Jumatatu nikamsimulia mashgiach kazini, nikitegemea pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi mchana."

Alicheka mpaka akashika meza. Deli ya Kiyahudi, Sabato, milango wazi, mashine ya kadi inalia, na mimi wa miaka mitatu jikoni kwao sikushtuka.

Mjomba karudi kwenye mayai na samaki. Haniletei neno. Ila jana usiku nilimsikia sebuleni anaongea na mama, simu ya Tanga ameweka spika: "Kijana wako mzima, kazi anayo, ila huku wamempoteza kidogo." Mama akauliza wamempoteza vipi. Nikaongeza sauti ya televisheni.