Mteja amechapa nakala ya mfano ya ramani yangu, ameigeuza milima, na jina langu ameliacha chini yake

Ndugu wanajamvi, salamu kutoka Mtwara.

Nina hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu, ili wachoraji wengine wa huku kusini wanaopokea kazi za namna hii wajue wanaweza kukutana na nini. Mwandishi mmoja wa riwaya, ambaye sitamtaja, aliniagiza nimchoree ramani ya ulimwengu wa kubuni wa hadithi yake: visiwa viwili vikubwa, nyanda za juu, ufalme wa pwani na jangwa. Alitoa malipo ya awali, nikamtumia nakala ya mfano kwa WhatsApp ili ahakiki majina ya miji, kisha akanyamaza. Juzi nimeletewa kitabu kikiwa kimeshachapwa, na ramani imo ndani.

Wapo wanaodhani kwamba ramani ya kubuni huchorwa ovyo kwa kuwa nchi yenyewe haipo. Kabla sijagusa rangi, niliamua kwanza upepo wa mvua unatoka bahari ipi, kwa sababu huo ndio unaopanga msitu uote wapi na jangwa likae upande gani wa milima. Mito nayo ina kanuni zake: vijito huungana kadiri vinavyoteremka, na kwa kawaida mto haugawanyiki mpaka ukaribie bahari na kufanya delta, kama ulivyo Rufiji. Bandari ya ufalme niliichora kwa kuitazama bandari yetu ya Mtwara, yenye mlango mwembamba na kina kirefu cha asili, na mto mkubwa niliupitisha kati ya nyanda mbili kama Lukuledi unavyopita kati ya Makonde na Rondo kabla ya kumwaga maji yake Lindi.

Kazi yote niliifanya kwa Krita, programu isiyolipiwa, katika ukubwa wa A2 wenye pikseli 300 kwa inchi, yaani pikseli 4961 kwa 7016. Bahari ina leya yake, yaani tabaka lake la peke yake ndani ya faili, mito yake, milima yake, vivuli vyake na majina yake, ili kurekebisha kimoja kusiharibu kingine. Kompyuta ya kawaida hulemewa na faili la namna hiyo, na umeme ukikatika wakati linahifadhiwa, mwenye kazi ndiye anayejua anachokisema moyoni.

Sasa tazameni kilichofanyika. WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo nakala ile ilitosha kutazamwa kwenye simu tu, lakini wao wameitandaza kwenye kurasa mbili za kitabu, na majina ya vijiji hayasomeki hata kwa miwani. Katika bahari ya mashariki, mahali nilipoandika neno MFANO kwa herufi kubwa, pamepakwa buluu iliyokolea kuliko maji yanayolizunguka, na mguu mmoja wa herufi M bado unachungulia.

Hilo ningeweza kulimeza. Nisichoweza kukimeza ni milima. Kwa desturi ya uchoraji wa ramani, mwanga huchukuliwa kuwa unatoka juu upande wa kushoto, kivuli kikalala upande wa pili. Ukikiuka desturi hiyo, jicho hudanganyika na kilima huweza kuonekana shimo. Mtu asiyejulikana ameikata safu ya kaskazini, akaigeuza kulia kuwa kushoto na kuibandika mahali pengine, hivyo milima ya kaskazini inamulikwa kutoka kulia na ya kusini kutoka kushoto, kana kwamba nchi ile ina majua mawili. Mto uliokuwa ukianzia kwenye safu hiyo sasa unachipuka katikati ya jangwa, na umeongezewa tawi linalovuka nyanda za juu hadi bahari ya upande wa pili, maana yake maji yanapanda mlima. Msomaji mmoja ameshanitumia ujumbe akiniuliza kama somo la jiografia nililifaulu shuleni.

Nilipompigia mteja, alinijibu hivi: "Fundi, hiyo ni nchi ya kubuni, nani atakwenda kuipima?" Akaongeza kwamba malipo ya awali yalitosha kuifanya ramani kuwa mali yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja ramani miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Sheria hiyo haisemi kwamba milima ya kubuni haina mwenyewe.

Faili kamili ninalo. Salio likilipwa leo, nitalituma kama dokumenti, likiwa limeshageuzwa kuwa rangi za CMYK kwa ajili ya mtambo wa uchapaji, na kurasa zile mbili zichapwe upya. Asipotaka hivyo, aliondoe jina langu katika kila nakala itakayotoka baada ya hizi. Aliyewahi kupeleka lalamiko la aina hii COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, akiwa mkoani, naomba anieleze alianzia wapi na alitakiwa kuwasilisha vielelezo gani.