UZI: Yule wa ramani wa ofisi ile ya ardhi ya ghorofani leo amenivua nguo mbele ya foleni nzima

Wakuu, naandika nikiwa bado stendi nasubiri daladala, mikono inatetemeka. Msinisahihishe herufi.

Yule wa ramani. Anayekaa dirishani na kompyuta mbili, miwani kaipandisha utosini. Mnamjua. Kama humjui basi huna kiwanja Mwanza hii.

Nimeenda kufuatilia hati. Mtaani kwetu urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja tulivyokwisha kujenga, umeshapita (mtaa siutaji, msije mkanijua). Wapimaji walikuja, bikoni za mipaka zikachimbiwa, mwenyekiti wa mtaa akasaini, majirani wakasaini, hata yule jirani ambaye hatusalimiani tangu mbuzi wake ale mchicha wangu, naye kasaini. Kilichobaki ni nipewe ankara nilipe. Foleni imeshuka ngazi mpaka chini kwa mama ntilie. Mzee aliyekuwa mbele yangu nadhani alipanga foleni akiwa kijana.

Zamu yangu ikafika. Nikampa namba ya kiwanja. Akabonyeza, akabonyeza, akasonya. Kisha akaigeuza ile skrini ili watu wote waone. Picha ya setilaiti, buluu tupu, na katikati ya buluu kuna mistari minne myekundu.

"Mama, kiwanja chako ndicho hiki. Hapa ni majini. Unaishi na sangara?"

Foleni ikaangua kicheko. Mpaka mlinzi alicheka, mlinzi ambaye sijawahi kuyaona meno yake!

UNAISHI NA SANGARA? Mimi! Mama wa watoto wanne, mweka hazina wa kikundi, mbele ya mzee wa kanisa letu, mbele ya dada mmoja anayenidai. Kijana ambaye ningeweza kumzaa na chenji ikabaki!

Nikamwambia, mwanangu, nyumba yangu ina bati la msauzi, ina choo cha shimo futi kumi na tano, ina mita ya umeme. Huo umeme walimvutia samaki? Akasema kompyuta haimwonei mtu, inaonyesha kilichopo. Tena akaniongezea sheria: eti sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu makazi ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo hata nikiibuka nchi kavu bado ninalo. Mita 60! Kutoka mlangoni kwangu mpaka ziwani unavuka shamba la mihogo, barabara ya vumbi, uwanja wa mpira na makaburi. Ng'ombe wakienda kunywa wanarudi na kiu ileile.

Sina ugomvi na picha za angani. Mji wetu huu watu wamejenga Mabatini na Igogo juu ya majabali ambako hata mkokoteni haufiki, na bila kuangalia kutoka juu hakuna anayeweza kujua pa kupitisha barabara wala bomba la maji. Wapige picha, wachore, ndiyo maendeleo. Lakini mtu amesimama mbele yako, anapumua, ana barua ya mtaa mkononi, na wewe unakitazama kioo unamwambia anaishi na samaki? Si unyanyuke, upande bodaboda, uje uone? Chai ningekupikia.

Nilivyoshuka zile ngazi nimesikia mtoto anamuuliza mama yake, "Ndiye yule wa sangara?"

Nataka aniombe radhi mbele ya foleni ileile. Hati ataitoa tu, atake asitake.

...

DAGAA MKAVU: Namba moja. Nimekaa mkeka wa mbele, ngoja waje.

JABALI LA ISAMILO: Huyo huyo! Mimi aliniambia nyumba yangu ni jiwe. Bati langu limeshika kutu, kwenye picha rangi yake ni ya mwamba mtupu. Nimelipaka rangi ya kijani, sasa anasema ni mwembe.

MWANA NYAMAGANA: Chai hii, uongo mtupu. Ofisi gani yenye kompyuta mbili na zote zinawaka?

BIKONI YA CHUMA: Mama, pole sana. Ngoja niwaeleze maana nimefanya upimaji. Hapo setilaiti haina kosa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, na picha za setilaiti na GPS zinatumia WGS 84. Ukichukua namba za mahali za mfumo wa zamani ukazilaza juu ya picha bila kuzibadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300 kwenda kaskazini. Vipimo vya kiwanja viko sawa, umbo liko sawa, ila mtaa mzima umehama. Kama ziwa kwenu liko kaskazini basi amewazamisha wote. Kurekebisha ni kuchagua mfumo sahihi kwenye programu, dakika mbili hazifiki.

MLETA MADA: Ziwa liko kaskazini ndiyo! Kwa hiyo na mwenyekiti wa mtaa yuko majini? Na kanisa? Na zahanati? Dakika mbili zilimshinda, ila za kuniuliza kama naishi na sangara alizipata! Mbele za watu!

DAGAA MKAVU: Mama Sangara hujambo?

MLETA MADA: Wewe usinichokoze, leo siko vizuri.

KIROBOTO WA MWALONI: Mnamlaumu bure, labda ziwa lilimfuata. Mei 2020 lilipanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, sisi huku tulihamisha vichanja vya kuanikia dagaa usiku usiku. Nani alikuja kutupiga picha za setilaiti siku hiyo? Hakuna! Na hasara ile hatujafidiwa mpaka leo. Huo ndio uzi wa kufungua.

BIKONI YA CHUMA: Setilaiti zilipiga. Zile za Sentinel-2 zilikuwa mbili wakati huo, zinapita hapa kila baada ya siku tano na picha zake ni za bure. Shida ni kwamba pikseli moja ni mita 10 kwa 10, ziwa likipanda unaliona, kichanja chako hukioni. Na mawingu yakitanda huoni chochote.

KIROBOTO WA MWALONI: Sasa kama hawanioni, wananitoza ushuru wa nini?

BODA WA MKUYUNI: Afadhali nyie mna kioo cha ofisini. Mimi ramani ya simu inanipeleka chini ya jabali, abiria yuko juu ya jabali, ananipigia anasema "mbona nakuona hapo, panda." Nipande na pikipiki mgongoni? Ramani inaona kilometa moja, haioni kwamba ile kilometa imesimama wima. Ukimaliza kuzunguka mafuta yamekwisha, na yeye anakwambia bei ni ileile.

JABALI LA ISAMILO: Abiria wa mawe wanajijua. Sisi tunashuka wenyewe.

BODA WA MKUYUNI: Hamshuki. Mnatuma mtoto aje kutuelekeza, na mtoto naye anataka kupandishwa.

MLETA MADA: Jamani, mada ni yule kijana. Aliigeuza skrini makusudi. Angeweza kuninong'oneza. Kwa nini aigeuze?

NG'WANA SENGEREMA: Ramani ya simu ndiyo usiseme. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilometa tatu za lami juu ya maji, na mimi simu ikawa bado inaniambia nisubiri kivuko. Nikiwa katikati ya daraja inanionyesha niko ziwani, naelea.

DAGAA MKAVU: Na wewe unaishi na sangara.

MAMA KIVUKONI: Msiniguse hapo kwenye daraja. Sisi tuliokuwa tunauza mahindi na mayai pale foleni ya kivuko nani alituchora kwenye ramani? Mabasi sasa yanapita mbio, abiria anakupungia mkono tu dirishani. Mkono hauliwi.

NG'WANA SENGEREMA: Mama, tulikuwa tunalala pale foleni na wagonjwa ndani ya gari. Daraja liacheni.

MAMA KIVUKONI: Nimesema lisiwepo? Nimesema meza zetu zipangiwe sehemu. Na mayai yangu mlikuwa mnayala kwa mkopo, wengine hamjalipa mpaka leo.

KIROBOTO WA MWALONI: Anayetaka biashara aje mwaloni, ila asije akalia. Sado ya dagaa wiki hii haishikiki.

BODA WA MKUYUNI: Sado shilingi ngapi sasa? Maana Mkuyuni wananiuzia nusu mchanga nusu dagaa.

MAMA KIVUKONI: Mchanga huo ni wa kuanika chini. Dagaa wa kichanja hawana mchanga, ila bei yake uwe umejipanga.

MWANA NYAMAGANA: Wasimamizi, unganisheni huu na ule uzi wa bei ya dagaa.