Hita ya gesi au ya umeme kwa nyumba ya Minnesota? Naomba ushauri

Wakuu habari zenu, hasa mlioko huku kwenye baridi. Hita ya nyumba, ile ya besimenti inayosukuma joto vyumba vyote, imechoka na fundi kasema nibadilishe kabla winta haijaingia. Ya umeme kuinunua ni nafuu, haitaki bomba la moshi wala habari za kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, ila bili ya Januari kwenye minus 20 hiyo naiogopa kuliko baridi yenyewe. Shemeji yenu anataka gesi, bomba lipo tayari, ila umeme ukikatika hata hiyo feni yake haizunguki so tutaganda tu. Na mliofunga hiti pampu, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, vipi, inatosha peke yake au lazima uwe na hita ya akiba? Bili zenu zinakujaje?